Gitaa kavu (lisilo la umeme) limepoteza sauti: tafuta chanzo kabla ya kulaumu uzee

"Fundi, gitaa la kanisa limekufa. Tununue lingine?" Swali hili hunijia karibu kila mwezi, hasa mvua za Machi zikishaanza Kampala. Anayeuliza huwa amelileta kwa boda, limo kwenye mfuko wa kitambaa mgongoni, na ameshakata shauri: limepigwa mno, mbao zimechoka. Wapigaji wa kadongo kamu, muziki wa Uganda ambao gitaa moja tu hubeba wimbo mzima, huja na lalamiko hilohilo, ila wao husikia tofauti mapema zaidi.

Nianze na uzee wenyewe. Mbao hubadilika kadiri miaka inavyopita. Hemiselulosi, moja ya vitu vinavyoijenga, huvunjika polepole. Mbao huwa nyepesi kidogo na hainywi unyevu kama zamani, huku ugumu wake ukibaki karibu palepale. Kwa gitaa la mbao halisi, hayo si madhara hata kidogo. Gitaa la plaiwudi halibadiliki sana, liwe jipya au la miaka thelathini. Kuhusu kupigwa, watafiti wa University of New South Wales, Sydney, walichukua fidla mbili za fundi mmoja, zilizotoka kwenye miti ileile. Moja ilitunzwa makumbusho, nyingine ikapewa mwanamuziki aipige. Baada ya miaka 3 wapigaji na wasikilizaji hawakuona tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Kwa hiyo kupiga hakuui sauti, wala sitamwahidi mtu kwamba kutaitengeneza.

Wapo wanaoshikilia kwamba magitaa ya nyuzi za nailoni hufa, na hutaja lile ambalo fundi Hermann Hauser wa Ujerumani alimtengenezea mpiga gitaa Andrés Segovia wa Hispania mwaka 1937. Segovia alilipiga hadi mwaka 1962 akaliacha. Leo liko Metropolitan Museum of Art, New York. Lakini mwanamuziki Willie Nelson wa Marekani anapiga gitaa moja la Martin N-20 tangu mwaka 1969, na ubao wake wa juu umelika kwa vidole hadi ukatoboka tundu la pili. Nalo ni la nailoni, na bado linapanda jukwaani.

Kinachochosha gitaa ni mvuto wa nyuzi, unyevu, joto na gundi inayoachia. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, ile ya 12 hadi 53, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Ni kama mtu mzima ananing'inia usiku na mchana kwenye daraja la gitaa lako, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi chini ya tundu la sauti. Sauti ikipungua, tafuta ni wapi mzigo huo umepata upenyo.

Majina nitakayotumia ni haya. Mfupa wa juu ni kile kijiti chenye mifereji sita karibu na kichwa. Mfupa wa chini ni kile kinachosimama juu ya daraja, hata kama chako ni cha plastiki. Mbavu ni vijiti vilivyogandishwa ndani, chini ya ubao wa juu. Chuma cha shingo ni ule mtaimbo mwembamba ndani ya shingo unaokazwa kwa ufunguo wa pembe sita.

"Sauti imefifia yote, haing'ai tena"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi mno chanzo chake ni nyuzi. Pitisha ukucha wa kidole gumba upande wa chini wa uzi wa nne (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), juu ya freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, ya pili na ya tatu. Ukisikia vijishimo, uzi umekwisha. Tazama nyuzi nene tatu kwenye mwanga: shaba mpya ina rangi ya dhahabu au nyekundu kidogo, iliyokufa ni kahawia, na katikati ya mizunguko pamejaa uchafu mweusi. Huo ni jasho, chumvi na ngozi ya vidole. Uzito wake haukai sawasawa kwenye urefu wa uzi, kwa hiyo zile sauti ndogo za juu zinazolipa gitaa mng'ao huzimika kwanza, na zinazobaki hazipatani. Gitaa la kanisa hupigwa na vijana sita tofauti, wengine wametoka kula mandazi. Nyuzi zake haziwezi kukaa mwaka.

Kabla hujabadilisha, weka simu kwenye kiti hatua mbili mbele yako, rekodi kordi za G, C na D. Badilisha nyuzi zote sita kwa pamoja, subiri siku moja zitulie, kisha rudia palepale kwa umbali uleule. Sikiliza rekodi mbili mfululizo. Nimewaona watu waliokuja na pesa za gitaa jipya wakirudi nazo nyumbani baada ya zoezi hili. Hakikisha pakiti inasema ni za gitaa kavu, za bronzi au bronzi ya fosfori; za gitaa la umeme hufunga vizuri lakini hutoa sauti nyembamba. Kuchemsha nyuzi kuukuu husaidia siku chache tu, kisha hurudi zilipokuwa.

Nyuzi ni mpya na bado sauti ni butu? Angalia jinsi zilivyokaa ndani. Ingiza kioo kidogo cha mkono kwenye tundu la sauti, mulika kwa tochi ya simu, uone chini ya daraja. Kile kijishanga kilicho mwishoni mwa uzi kinatakiwa kibane mbao, kando ya kigingi, kile kijiti kinachoziba tundu la uzi darajani. Kikining'inia kwenye ncha ya kigingi, nguvu ya uzi haifiki vizuri kwenye ubao, na kigingi kitaruka siku moja katikati ya wimbo. Legeza, vuta uzi juu taratibu huku ukisukuma kigingi chini, kaza tena.

Kisha fikiria unyevu. Gitaa la mbao halisi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kampala wakati wa mvua, na Entebbe kando ya ziwa karibu mwaka mzima, hewa huzidi hapo kwa mbali. Mbao ikinywa maji huwa nzito na humeza mtetemo badala ya kuutoa. Ubao wa juu huvimba, nyuzi hupanda, sauti huwa kama ya mtu mwenye mafua. Dawa yake ni ya upole: funga gitaa kwenye kesi ngumu pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi na vikavu, kwa wiki mbili. Usilianike juani. Usiliweke kando ya sigiri. Niliwahi kuletewa gitaa lililokaushwa karibu na mkaa usiku mmoja. Ubao wa nyuma ulikuwa umeachia gundi urefu wa kiganja, na mwenyewe alidhani amelisaidia.

Sababu ya nne ni ubavu ulioachia. Funika nyuzi kwa kiganja zisilie, kisha gonga ubao wa juu kwa kifundo cha kidole, polepole, kuzunguka daraja na chini yake. Gonga pale unaposikia sauti imeshiba, kisha linganisha. Ukipata mahali panapotoa mlio wa kukwaruza au wa debe lililopasuka, ubavu umeachia hapo. Acha. Usimwage supagluu kupitia tundu la sauti. Ubavu hugandishwa kwa gundi ya mbao na kubanwa kwa vibanio saa kadhaa. Supagluu ikishaingia, fundi atakayefuata hawezi kusafisha ule mwanya vizuri.

Mwisho kuna chumba, na kuna masikio. Gitaa lililokuwa likipigwa sebuleni penye sakafu ya saruji na bati juu, likihamia chumba chenye mapazia, zulia na makochi, litasikika limekufa siku hiyohiyo. Na mpigaji aliyesimama miaka kumi mbele ya spika za kwaya hupoteza kwanza sauti za juu masikioni mwake. Hili huwa nalisema kwa upole lakini nalisema. Mpe mtu mwingine apige, wewe kaa mbele ya tundu la sauti usikilize. Kisha mwombe kijana wa miaka kumi na tano naye asikilize. Kama yeye anasikia mng'ao na wewe husikii, kampime masikio.

"Uzi mmoja tu ndio umekufa"

Kama umekufa ukiwa wazi lakini ukibonyeza freti unalia, tatizo liko kwenye mfupa wa juu: mfereji umelika, umekuwa mpana, au umechongwa ukiinamia upande usiofaa. Kama umekufa kila mahali, geuza mawazo kwenye uzi wenyewe. Uliopindwa wakati wa kuufunga haulii vizuri hata ukiwa mpya. Kisha tazama mfupa wa chini. Toa nyuzi, uchomoe, utazame kwa chini dhidi ya mwanga ukiwa umeuweka juu ya kioo. Ukiona mwanya pale uzi ule unapokaa, mfupa haukukaa sawa, na nguvu inapotea hapo.

Mifupa ya plastiki ndiyo adui mkimya wa magitaa ya bei ndogo. Huku kwetu hatuna sababu ya kuvumilia plastiki, maana mfupa wa mguu wa ng'ombe hupatikana kwa kila mchinjaji. Chemsha mpaka mafuta yatoke, kausha wiki kadhaa, kata, sugua kwa msasa juu ya kioo ili chini pawe bapa kabisa. Tofauti ya sauti inasikika hasa kwenye nyuzi nyembamba mbili. Vaa barakoa unaposugua. Vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu.

Kama ni noti moja tu kwenye freti moja inayofifia haraka huku jirani zake zikiendelea, pengine ni mahali ambapo ubao mzima huitikia mlio huo na kuumeza upesi. Hata magitaa ya bei kubwa yanayo. Usilipasue kwa ajili hiyo.

"Linalia kama nzi yumo ndani"

Tikisa kwanza. Kipande cha kupigia, betri iliyochomoka, waya wa pikapu (kinasa sauti cha ndani) unaogusa ubao: nimetoa vyote hivi ndani ya magitaa yaliyoitwa mabovu. Kaza pia nati ndogo za funguo za kukazia nyuzi kichwani, kwa mkono tu.

Kisha pima shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa wakati mmoja, tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Panatakiwa papite karatasi moja hadi tatu za fotokopi. Pakiwa hapana nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume; legeza chuma cha shingo kinyume cha saa, robo ya mzunguko tu, kisha acha mpaka kesho upime tena. Pakipita karatasi tano, kaza robo kufuata saa. Ukisikia chuma kinakataa, au kinalia, toa ufunguo, funga kesi, mpigie fundi. Chuma kikikatika ndani ya shingo ya gitaa la bei ya chini, hapo ndipo gitaa hufa kweli.

Wanaosafiri kwenda kaskazini wana hadithi yao. Gitaa linalolia vizuri Kampala likipelekwa Moroto au Gulu mwezi Januari huanza kulia kama nzi ndani ya wiki. Hewa ni kavu, ubao wa juu umekaa chini, nyuzi zimeshuka hadi kwenye freti, na ncha za freti zinakwaruza kiganja kwa sababu ubao wa shingo umesinyaa. Usikaze wala kulegeza chochote. Toboa kisahani cha sabuni chenye kifuniko, tia sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa, kiweke ndani ya kesi karibu na kichwa, lowesha kila baada ya siku mbili tatu. Likirudi hali yake, hapakuwa na ugonjwa. Ukiona ufa umefunguka kwenye ubao wa juu kufuata mwelekeo wa mbao, usiujaze chochote, lipe unyevu polepole na ulipeleke kwa fundi. Ufa mwingi hujifunga wenyewe mbao ikipata maji yake, na hapo kuugandisha na kuwekea viraka kwa ndani ni kazi ndogo.

Freti zilizochimbika chini ya nyuzi mbili za kwanza, kwenye freti tatu za mwanzo, ndio uchakavu wa kawaida ambao kupiga hulisababishia gitaa moja kwa moja. Kuzisawazisha kunahitaji vifaa na mkono uliozoea. Peleka kwa fundi.

"Nyuzi zimepanda, vidole vinauma"

Hapa niwe mkali. Kama gitaa lako ni la nailoni, lenye shingo pana, kichwa chenye matundu mawili marefu na daraja ambalo nyuzi hufungwa kwa fundo, usiweke nyuzi za chuma, hata kama dukani wamekuambia nailoni hazipo. Lilijengwa kwa mvuto wa karibu kilo 40, na kwa kawaida halina chuma ndani ya shingo. Sauti itakuwa kubwa miezi michache, mwenyewe atafurahi, kisha daraja litang'oka na kuchukua ngozi ya ubao wa juu. Nimegandisha madaraja mengi ya namna hiyo kuliko kazi nyingine yoyote, na karibu yote yangeweza kuepukwa.

Kwa gitaa la nyuzi za chuma, pima kwenye freti ya kumi na mbili, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: karibu milimita 2.5 kwa uzi wa sita na 2 kwa uzi wa kwanza ni pazuri. Likizidi, hakiki shingo kama nilivyoeleza. Kisha chukua kona ya karatasi na ujaribu kuiingiza chini ya daraja, upande wa nyuma. Ikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, gundi inaachia. Legeza nyuzi zote leo, usisubiri Jumapili ipite. Daraja lililoachia nusu hugandishwa likawa kama jipya; lililoruka lenyewe huondoka na vipande.

Gitaa langu la kwanza la mbao halisi lilinifunza hili. Nililiacha ndani ya gari lililofungwa, juani, Soroti, saa sita hadi saa tisa. Ndani ya gari namna ile joto hupita nyuzijoto 60, na gundi ya mbao hulainika karibu na hapo huku kilo 70 zikiendelea kuvuta. Nilipofungua mlango nilisikia harufu ya vanishi. Daraja lilikuwa limeinama mbele na ubao nyuma yake umevimba kama mgongo wa kobe. Halikupiga sauti ile tena mpaka lilipofumuliwa. Tangu siku ile gitaa langu hushuka nami garini, hata nikiingia kunywa chai.

Uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni wa kawaida kwa magitaa ya chuma. Uamuzi hufanywa na rula: ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, mpaka ifike darajani. Ncha yake ikitua juu ya daraja, shingo iko sawa, na unaweza kusugua mfupa wa chini kidogo kidogo. Ikigonga upande wa mbele wa daraja, shingo imeinama mbele. Hapo ni kuing'oa na kuirudisha kwa pembe mpya, kazi ya fundi peke yake, na kwa gitaa la plaiwudi huweza kuzidi bei ya gitaa.

"Halikai sawa, nikilipatanisha sauti linatoka"

Kwanza ni nyuzi kuukuu, pili ni mizunguko michache mno ya uzi kwenye funguo, kisha mfupa wa juu unaobana uzi wa tatu. Ukisikia mlio wa "tik" unapokaza, sugua penseli kwenye mfereji. Funguo zilizolegea huwa za mwisho, ingawa watu huanza nazo.

"Kavu lina sauti, kwenye spika halina"

Badilisha betri ya volti 9. Usipopata nafuu, fundi wa pikapu, si fundi wa mbao.

Ukilipeleka kwa fundi

Muulize anatumia gundi gani. Akikutajia gundi ya viatu au supagluu kwa daraja, mshukuru na uondoke na gitaa lako. Mwombe akuonyeshe ubavu anaosema umeachia, kwa kioo, kabla hajaushika. Mpe zile rekodi za simu, mwambie nyuzi zilibadilishwa lini, na tatizo lilianza mvua au kiangazi, Kampala au safarini. Neno hilo moja kuhusu majira huniokolea nusu siku ya kutafuta.